Tezi ya Shingo na Dawa Isiyo na Mwisho

Leo napenda kuwaandikia habari ya kiungo kidogo cha mwili, ambacho wengi wetu hatukijui jina mpaka siku kinapougua. Kiungo hicho ni tezi ya shingo. Naandika kwa sababu huu ni mwaka wa 12 tangu nilipoanza kumeza kidonge kimoja kila asubuhi kwa ajili ya tezi hiyo, na katika miaka hiyo yote swali moja limenifuata kila niendako, sokoni, kanisani, na hata njiani nishukapo Same: “Mwalimu, utamaliza lini dawa?” Jibu langu ni fupi: sitaimaliza. Lakini jibu hilo huwatisha watu. Wengine hudhani nimekwisha kata tamaa, wengine hudhani madaktari wameshindwa, na wengine husema kwamba imani yangu ni haba. Kwa hiyo yafaa nieleze jambo hili kwa taratibu, ili mwenye ugonjwa huu asione aibu, na asiye nao ajue namna ya kumsaidia mwenziwe.

Tezi hii ipo mbele ya shingo, chini kidogo ya kikoromeo. Umbo lake ni kama kipepeo aliyekunjua mabawa, na kwa mtu mzima uzito wake ni kama gramu 20 tu. Kazi yake ni kutengeneza homoni, yaani kitu kiingiacho katika damu na kupeleka amri mwili mzima. Amri ya tezi hii ni juu ya mwendo: moyo upige upesi au polepole, chakula kigeuke kuwa joto na nguvu upesi au polepole, na mtoto akue mifupa yake na akili zake kwa wakati wake. Tezi ikizidisha kazi, mwili huenda mbio kama jiko lililosheheni kuni kavu. Ikipunguza, mwili hupoa kama jiko lililobaki majivu.

Tena tezi haiwezi kufanya kazi pasipo iodini, ambayo katika nchi yetu watu huiita madini joto. Mfaransa mmoja jina lake Bernard Courtois aliigundua mwaka 1811 katika majivu ya mimea ya baharini. Mwili wetu hauwezi kujifanyia iodini, sharti tuile. Mtu mzima ahitaji mikrogramu 150 tu kwa siku. Ukikusanya yote aliyoyahitaji mtu tangu ujana hata uzee, hayajazi kijiko kimoja cha chai. Lakini akikosa hayo machache, hasara yake ni kubwa.

Sisi watu wa milimani tuna sababu ya kulijua jambo hili kuliko wengine. Mvua ya miaka maelfu huosha udongo wa miteremko na kuichukua iodini mpaka baharini, na mahindi, maharage na ndizi ziotazo katika udongo uliooshwa hivyo huwa na upungufu. Ndiyo maana ugonjwa wa shingo kuvimba, yaani rovu, umejulikana tangu zamani katika milima mingi ya dunia: Alps huko Uswisi, Himalaya huko Asia, Andes huko Amerika ya Kusini, na katika nyanda za juu za nchi yetu. Tezi ikikosa iodini hujitanua, kama mtu atandazaye nguo kubwa ili akusanye nafaka chache zilizomwagika. Muhogo mchungu usioandaliwa vema huzidisha taabu hiyo, kwa sababu sumu yake huizuia tezi isiipokee iodini. Basi rovu si laana ya ukoo, wala halitokani na kubeba mizigo kichwani. Asili yake ya kawaida milimani ni njaa ya tezi.

Njaa hiyo yaweza kushibishwa kwa chumvi. Uswisi walianza kutia iodini katika chumvi mwaka 1922, na jimbo la Michigan huko Marekani likafuata mwaka 1924. Hapa Tanzania, uchunguzi wa miaka ya 1980 ulionyesha kwamba watoto 25 katika kila watoto 100 wa shule walikuwa wamevimba tezi. Watu wa wilaya zilizoumia zaidi wakapewa vidonge vya mafuta yenye iodini, na katika miaka ya 1990 ikawekwa sheria kwamba chumvi ya kula itiwe iodini. Uchunguzi wa nchi nzima wa mwaka 2004 ukakuta watoto 7 tu katika kila 100. Ni mambo machache yaliyoleta faida kubwa namna hiyo kwa gharama ndogo.

Hata hivyo twahitaji kuangalia. Wako wadhanio kwamba chumvi yo yote itokayo baharini ina iodini ya kutosha. Sivyo. Bahari ina iodini, lakini chumvi ikikaushwa juani hubakiwa na kidogo mno. Sharti iongezwe kiwandani. Kwa hiyo ununuapo chumvi, soma pakiti kama imeandikwa kwamba imetiwa madini joto. Ukisha kuileta nyumbani, iweke katika chombo chenye kifuniko, mbali na jua, moshi na unyevu, na uitie chunguni mwishoni mwa kupika, kwa maana moto mwingi huipunguza iodini.

Lakini si kila ugonjwa wa tezi hutokana na chumvi, na wangu haukutoka huko. Ulianza kwa baridi. Nilifundisha nimejifunga shuka mbili siku ambazo watoto walikuwa wakicheza bila sweta. Wenzangu walisema ni ukungu wa Shengena, na kweli milimani kwetu mwezi wa Juni hakuna asiyehisi baridi. Kisha ikaja sauti nzito kama ya mwanamume, nywele zikang’oka katika kitana, ngozi ikakauka, choo kikawa kigumu, uso ukavimba asubuhi. Usingizi ulinishika mchana hata nikiwa nimesimama mbele ya darasa. Lililoniumiza zaidi ni akili. Nilikuwa mwalimu wa hesabu, na siku moja nilitazama ubaoni hesabu ya kugawanya niliyoiandika mwenyewe, nikakaa kitambo kirefu pasipo kujua hatua ifuatayo, na watoto wakangoja kimya.

Watu walitafuta maneno ya kulieleza jambo hilo. Wengine walisema ni uvivu uliokuja na mshahara. Wengine walisema ni huzuni. Mmoja alimnong’oneza mume wangu kwamba nimetupiwa kitu. Huu ndio ubaya wa ugonjwa wa tezi: haumlazi mtu kitandani siku moja watu wakamwonea huruma, bali humgeuza polepole, hata majirani wakadhani ndiyo tabia yake mpya. Mume wangu hakuyasikiliza maneno hayo. Alisema, “Nimekuoa nikikujua. Hii si tabia yako, ni maradhi. Twende tukapimwe.” Tukaenda.

Yafaa nieleze kipimo hicho, kwa maana huwachanganya wengi. Ndani ya kichwa, chini ya ubongo, kuna tezi nyingine ndogo kama punje ya choroko, nayo ndiyo msimamizi wa tezi ya shingo. Msimamizi huyu hutoa homoni yake ya kuiamsha tezi ya shingo, ambayo katika karatasi ya maabara huandikwa TSH. Sasa fikiri habari ya mwalimu na mwanafunzi. Mwanafunzi akiwa mwangalifu, mwalimu husema kwa sauti ya chini. Mwanafunzi akisinzia, mwalimu hupaza sauti. Vivyo hivyo, tezi ya shingo ikilegea, TSH hupanda. Tezi ya shingo ikizidisha kazi, TSH hushuka mpaka karibu na sifuri, kwa sababu msimamizi hana haja ya kusema neno. Basi hesabu kubwa ya TSH kwa kawaida maana yake ni tezi dhaifu, wala si tezi yenye nguvu. Pamoja na TSH hupimwa homoni yenyewe ya tezi, iandikwayo T4. Watu wazima wengi wenye afya huwa na TSH kati ya 0.4 na 4. Yangu siku ile ilikuwa 68.

Daktari alinieleza kwamba askari wa mwili, walioumbwa kupigana na vijidudu, wamemgeukia mwenye nyumba na kuishambulia tezi yake. Tabibu wa Japani, Hakaru Hashimoto, aliandika habari za ugonjwa huo mwaka 1912, na mpaka leo waitwa kwa jina lake. Huwapata wanawake zaidi kuliko wanaume, na mara nyingi huonekana katika jamaa moja. Chumvi haiuponyi. Tezi ikisha haribika, mwili hupewa kutoka nje kile usichoweza tena kukitengeneza.

Watu wa zamani hawakuwa na bahati hiyo. Mwaka 1891 tabibu Mwingereza, George Murray, alichukua maji ya tezi za kondoo akamdunga mwanamke mmoja aliyekuwa amevimba na kulegea kwa ugonjwa huu. Mwanamke yule akapata nguvu, akaendelea na dawa ya tezi za kondoo, akaishi miaka 28 tena. Mwaka 1914 Mmarekani Edward Kendall aliitenga homoni yenyewe, na mwaka 1927 Charles Harington na George Barger huko Uingereza wakaweza kuiunda katika chupa za maabara. Kidonge nimezacho asubuhi ni homoni hiyo hiyo, iitwayo thairoksini. Si kitu kigeni kwa mwili, bali ni kile kile ambacho tezi nzima hukitoa bila kuombwa.

Kipimo cha dawa hakipatikani kwa siku moja. Mimi nilianza na mikrogramu 50. Baada ya wiki sita nikapimwa tena, TSH ikawa 21. Nikaongezewa hadi 100, na baada ya wiki nyingine sita ikawa 3. Wiki hizo sita si uzembe wa daktari. Ndio muda ambao msimamizi wa kichwani auhitaji ili aitulize sauti yake. Mzee, au mtu mwenye ugonjwa wa moyo, huanzishwa kwa kiasi kidogo zaidi, kwa maana moyo uliozoea kwenda polepole hauwezi kushtushwa. Haba na haba hujaza kibaba. Sasa napimwa mara moja kwa mwaka. Kwa watu wa milima yetu kipimo hiki mara nyingi huwa ni safari ya Moshi, ilipo hospitali kubwa ya KCMC iliyofunguliwa mwaka 1971. Toka Same ni kama kilometa 100, mbali na njia ya kushuka mlimani. Kwa hiyo uliza kwanza hospitali iliyo karibu nawe kama hupima, na karatasi za vipimo vyako zihifadhi zote pamoja, maana daktari atakayeona za mwaka jana na za mwaka huu ataamua vema kuliko aonaye moja tu.

Namna ya kumeza nayo ina adabu yake. Kidonge humezwa kwa maji matupu, tumbo likiwa tupu, nusu saa au saa nzima kabla ya chai. Maziwa na kahawa huzuia dawa isiingie vema katika damu. Vidonge vya kuongeza damu, vyenye madini ya chuma, na vile vya chokaa vya kuimarisha mifupa, vipewe nafasi ya saa nne. Mimi huweka kikombe cha maji kando ya kitanda tangu usiku, nikameza kabla ya kwenda kuwasha moto.

Sasa narudi katika lile swali la kumaliza dawa. Jirani yangu mmoja, mama wa makamo, alikuwa na ugonjwa kama wangu. Baada ya mkutano wa maombi aliacha vidonge vyake. Wiki ya kwanza alikuwa mzima. Wiki ya pili alikuwa mzima. Wiki ya tatu alisimama mbele ya watu akashuhudia kwamba amepona, na wengi tulishangilia. Mwezi wa tatu alikuwa akisinzia kando ya moto mchana kutwa, sauti imemkauka, miguu imevimba. Mwanawe akamteremsha hospitali.

Sisemi neno juu ya maombi, kwa maana mimi nami naomba. Nasema tu habari ya dawa yenyewe. Homoni hii haitoki mwilini upesi. Kwa kila siku saba hupungua nusu. Mtu akiacha leo, baada ya wiki moja nusu ingali mwilini, baada ya wiki mbili robo, na mwili hauhisi upungufu kwa haraka. Basi aachaye vidonge hudanganywa na dawa aliyoimeza mwezi uliopita. Mama yule aliporudi na nguvu zake alinicheka, akaniambia, “Mwalimu, kumbe siku ile nilishuhudia kazi ya vidonge.” Lakini si wote warudio. Asiyetibiwa kwa muda mrefu, akipatwa na homa kali au baridi nyingi, aweza kuzimia na kufa.

Je, kumeza dawa kila siku ni upungufu wa imani? Mimi nafikiri habari ya Naamani. Alikasirika kwa sababu alitaka jambo moja kubwa litendwe mara moja, akaambiwa ajichovye mtoni mara saba. Nafikiri na habari ya mana jangwani, ambayo haikuwekwa akiba. Kila asubuhi watu walitoka kuokota ya siku ile. Hakuna aliyewauliza wana wa Israeli watamaliza lini kuokota. Nasi hatumwulizi mtu atamaliza lini kula ugali.

Yafaa niseme na habari ya upande wa pili, yaani tezi izidishayo kazi. Mgonjwa wa namna hiyo hukonda ingawa ala sana, moyo humwenda mbio hata akiwa ameketi, mikono hutetemeka, jasho humtoka wakati wa baridi, usingizi humkimbia, na wengine macho huwatoka. Watu humwita mkali au mwenye pepo. Huyu naye apimwe damu. Iko dawa ya kuituliza tezi, iitwayo kabimazoli, na wengine huhitaji kupasuliwa au kupewa iodini yenye mionzi, tiba ambayo hutolewa katika hospitali ya Ocean Road, Dar es Salaam. Atumiaye kabimazoli akipatwa na homa pamoja na maumivu ya koo asingoje. Aache kumeza na aende hospitali siku ile ile kupimwa damu, kwa maana mara chache dawa hii hupunguza askari wa mwili mpaka kuleta hatari. Na mtu ye yote aonaye uvimbe shingoni unaokua upesi, au mgumu kama jiwe, au ubadilishao sauti, aende kuchunguzwa, maana mara nyingine ni saratani, nayo ikiwahiwa hutibika vizuri.

Nimeliacha la mwisho lililo kubwa kuliko yote, nalo ni watoto. Katika miezi mitatu ya kwanza tumboni, mtoto hana tezi iwezayo kumtosha. Homoni ijengayo ubongo wake huitoa kwa mama. Mama akikosa iodini sana, mtoto aweza kuzaliwa kiziwi, au mfupi, au mwenye akili nzito ambayo hakuna mwalimu awezaye kuirudisha. Nami nimefundisha miaka mingi, na najua tofauti ya mtoto mvivu na mtoto ambaye mlango ulifungwa kabla hajazaliwa. Kwa hiyo mama mwenye mimba ale chumvi yenye madini joto, na yule amezaye thairoksini amwone daktari mara ajuapo kwamba ana mimba, kwa sababu huhitaji nyongeza ya robo ya kipimo chake au zaidi. Mtu asimshauri kuacha kidonge kwa ajili ya mtoto. Kidonge hicho ni chakula cha wote wawili.

Basi, wazee wa kanisa, mkiona mtu amebadilika, amekuwa mzito au mkali kuliko alivyokuwa, msimhukumu kabla hajapimwa. Akina baba, wapeni wake zenu nauli ya kwenda kupimwa kama mtoavyo ada ya shule. Wenye maduka, leteni chumvi iliyotiwa madini joto hata kama ile nyingine ni rahisi kwa shilingi chache. Na wewe umezaye kidonge kila asubuhi, kimeze bila haya, hata mbele ya wageni, ili watoto wako wajue kwamba kuishi na maradhi kwa utaratibu si kushindwa.

Ni mimi mwalimu wenu, Upare.